Kinanda cha Kwaya na Bei ya Ughaibuni

Kisa hiki kisome mpaka mwisho, kisha mtumie ndugu yako yeyote aliyekata tiketi ya kwenda nje na tayari ameandikiwa orodha ya vitu vya kununua.

Huko Tukuyu, wilayani Rungwe, kulikuwa na kwaya moja ya kanisa iliyokaribia kutimiza miaka hamsini. Kinanda chao kilikuwa kimekufa. Fundi wa kwanza alikifungua, wa pili akakifungua tena, wa tatu akasema kizikwe kwa heshima.

Wanakwaya hawakupitisha bahasha za michango. Kila Jumamosi, kwa miaka miwili, walikwenda kuchuma chai kwa kibarua kwenye mashamba ya watu, wazee kwa vijana, mvua ya Rungwe ikiwanyeshea mgongoni. Malipo yote yaliwekwa benki. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na jasho lake ndani ya hela zile, na kila mtu alikuwa na neno la kusema juu yake.

Mwalimu wa kwaya aliitwa Subilaga Mwangomo. Kazini alifundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa mama mfupi, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Maneno mengi hakuwa nayo. Akikuambia umeimba vibaya, ujue umeimba vibaya.

Subilaga alikwenda Mbeya mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki la Bwana Tweve, akaulizia kinanda walichokitaka. Akaambiwa milioni mbili na laki sita.

Aliporudi na bei hiyo, mwenyekiti wa kwaya, Mzee Ambakisye, alitikisa kichwa.

"Yule ni mfanyabiashara," alisema. "Hapo ameshaweka na ada ya watoto wake."

Haikupita wiki, ikaja barua. Usharika rafiki wa Ujerumani ulikuwa umewaalika wanakwaya sita kwa siku kumi, nauli na malazi juu ya wenyeji. Mzee Ambakisye alisimama kabla barua haijamalizika kusomwa.

"Mungu amejibu," alisema. "Tunakwenda kuchota kisimani wenyewe. Tuachane na muuza madumu."

Watu wakapiga makofi. Subilaga akauliza swali moja tu. "Na kikiharibika?"

"Kitu cha Ulaya kinaharibika lini, Mwalimu?" alijibu mwenyekiti.

Ukumbi mzima ukacheka. Kikao kikapitisha kwamba hela zote ziwekwe kwenye kadi ya benki, akabidhiwe Subilaga, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kinanda kizuri na kibaya. Akasaini mbele ya watu.

Siku ya tano ya safari yao, mwenyeji wao aliwapeleka Subilaga na mwenyekiti kwenye duka la vyombo vya muziki. Mwenyeji huyo, Bibi Renate, alikuwa muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Rungwe ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa bado hakijachuja. Duka lilikuwa kubwa, na kinanda kile kile cha Mbeya kilikuwa pale, jina lile lile, umbo lile lile.

Bibi Renate akaigeuza bei kuwa shilingi kwenye simu yake. Milioni moja na laki nane.

"Laki nane," Mzee Ambakisye alinong'ona. "Mwalimu, tumeokoa laki nane tukiwa tumesimama."

Subilaga alikaa akapiga ubeti mmoja wa wimbo wa mavuno. Sauti ilikuwa nzuri. Kisha akamwomba muuzaji amsaidie kukipindua kinanda, akasoma maandishi ya chini. Kilikuwa kimetengenezwa bara Asia, kiwanda kile kile kilichotengeneza kile cha Bwana Tweve. Kumbe kisima chenyewe hakikuwa Ulaya. Ulaya nako walikuwa wamekiagiza, kama Mbeya tu.

"Muulize," alimwambia Bibi Renate, "kikizima, nifanyeje?"

Muuzaji akajibu kwa adabu kwamba kinanda kina dhamana ya miaka miwili, na likitokea tatizo mteja akirudishe pale dukani.

"Mimi naishi Tukuyu."

Muuzaji akafikiri kidogo. Basi mteja angeweza kukituma kwa posta, alisema, ila gharama zingekuwa zake.

Subilaga akaomba aone boksi la kinanda. Likaletwa. Likiwa limesimamishwa wima, lilikuwa refu karibu sawa na yeye. Bibi Renate akapiga simu shirika la ndege, akaambiwa mzigo wa urefu ule unalipiwa peke yake. Subilaga naye akamwandikia ujumbe Gwamaka, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa wakala wa forodha Dar es Salaam, akimuuliza kodi ya kinanda kama kile ingefika ngapi. Wakaenda kunywa kahawa jirani. Kabla vikombe havijapoa, jibu likawa limefika.

Akatoa karatasi. Aliandika bei ya duka. Akapunguza kodi ambayo wageni hurudishiwa uwanja wa ndege wakiondoka, maana hakutaka kulionea duka la watu. Akaongeza mzigo wa ndege, forodha, makato ya kadi kwa kubadilisha fedha, na basi la kutoka Dar mpaka Tukuyu. Akapiga mstari.

Ikaja milioni mbili na laki saba.

"Laki moja zaidi ya Bwana Tweve," alisema. "Na bado hatujasema kikivunjika njiani."

Mzee Ambakisye aliitazama karatasi kwa muda. Mtu akishaamini bei, hesabu humuuma kama tusi.

"Forodha tutazungumza nao," alisema. "Tutasema ni cha zamani, tumepewa na kanisa."

"Mwenyekiti, unataka tumwimbie Mungu kwa kinanda kilichoingia nchini kwa uongo?"

Subilaga akarudi dukani, akapiga picha ya kinanda pamoja na bei yake, akamshukuru muuzaji. Kwa posho yake mwenyewe alinunua vipaza sauti viwili vidogo, vya kutosha kwenye mkoba, ambavyo huko vilikuwa nusu ya bei ya Mbeya. Hivyo vilistahili, naye hakusita. Kinanda alikiacha.

Siku waliporudi Tukuyu, wanakwaya walikuwa wamejipanga stendi na nyimbo. Mabegi yakashushwa moja baada ya jingine. Dereva akafunga buti. Wimbo ukafifia, mtu wa mwisho akanyamaza katikati ya neno.

"Kinanda kiko wapi?" aliuliza mama mmoja wa sauti ya pili.

"Sikununua," alisema Subilaga. "Nitaeleza kwenye kikao Jumapili."

Kutoka siku hiyo mpaka Jumapili zilikuwa siku nne, na siku nne ni nyingi kwa mdomo wa mtu. Sokoni walisema mwalimu anajenga. Muuza ndizi mmoja alimuuliza mbele ya watu amenunua bati ngapi. Shuleni mwalimu mwenzake aliacha kukaa naye wakati wa chai. Subilaga alirudi nyumbani, akafua nguo za safari, akazianika, kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kulia kidogo. Alipomaliza alinawa uso, akaenda kusahihisha madaftari.

Kilichomuuma si maneno ya sokoni. Mzee Ambakisye alikuwepo dukani. Aliiona karatasi. Alijua hela iko salama kwenye kadi, naye siku zote hizo alikuwa akipita sokoni na kunyamaza.

Jumapili, Subilaga aliweka mezani taarifa ya benki. Hakuna hata shilingi ya kwaya iliyokuwa imeguswa. Akaweka na ile karatasi ya hesabu, akaisoma mstari kwa mstari kama anayefundisha darasa la nne. Watu wakainamisha vichwa. Wengine waliomba radhi, wengine wakaona haya hata ya kuomba. Mzee Ambakisye alisema tu, "Tuendelee na ajenda."

Jumatatu Subilaga alipanda gari mpaka Mbeya. Alimkuta Bwana Tweve anafuta vumbi magitaa, akamwonyesha picha ya bei ya Ujerumani.

Bwana Tweve aliitazama bila kukasirika. Akavuta kiti.

"Kaa, Mwalimu. Na gharama za njiani umezihesabu?"

"Nimezihesabu."

"Basi wewe ni mteja wangu wa kwanza kuzihesabu. Wengine huja na picha tu, wakaniita mwizi." Akacheka kidogo. "Kwa kuwa umenihesabia haki, nami nikuhesabie. Leta milioni mbili na laki nne. Nakupa na stendi yake na kifuniko. Dhamana mwaka mmoja, nakuandikia kwa mkono wangu."

"Kikizima, nampigia nani?"

"Mimi. Namba hiyo hapo ukutani ni ya mfukoni mwangu."

Wakapeana mikono. Kinanda kikafika Tukuyu siku hiyo hiyo, na kwa miezi miwili kwaya ilifanya mazoezi kwa furaha ambayo haikuwa nayo miaka mingi.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Alhamisi ya wiki ya jubilei, kwaya ikitimiza miaka hamsini, kwaya nne za wageni zikiwa tayari zimethibitisha kuja, Subilaga alikaa kwenye kinanda kwa mazoezi ya alasiri. Katikati ya wimbo, vitufe vyote vya upande wa kulia vikanyamaza. Alizima, akawasha. Kimya. Umeme ulikuwepo, waya zilikuwa nzima. Kinanda kipya, cha miezi miwili, kilikuwa nusu maiti.

Macho yote yalikwenda kwa Subilaga. Mzee Ambakisye akavua miwani.

"Cha Ulaya kisingetufanyia hivi," alisema.

"Mwenyekiti, hiki na kile cha Ulaya ni mapacha," alijibu Subilaga. "Kinachotofautiana ni nani wa kumpigia simu."

Akapiga, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu ili wote wasikie. Bwana Tweve aliuliza maswali mawili, kisha akasema, "Mwalimu, usikiguse tena. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa hapo."

Saa nne haijafika, gari lake lilikuwa mlangoni mwa kanisa. Alileta kinanda kingine kipya, akakifunga yeye mwenyewe, akakijaribu kitufe kimoja kimoja. Kile kibovu akakipakia ili akirudishe kwa aliyemuuzia Dar es Salaam. Subilaga alipomuuliza gharama, alimwonyesha karatasi ya dhamana yenye mwandiko wake. "Umeshalipa," alisema.

Wanakwaya waliokuwapo wakaanza kutawanyika. Mzee Ambakisye hakuondoka. Alisubiri Bwana Tweve afunge mlango wa gari, kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu mpya inayong'aa, bado ina karatasi yake ya kukinga kioo.

"Bwana Tweve," alisema kwa sauti ya chini, "na hii unaweza kuiangalia?"

Subilaga, aliyekuwa anakunja waya, akageuka.

Bwana Tweve aliiwasha, akaweka laini yake, akasoma maandishi, akairudisha. "Mzee, hii imefungwa kwenye mtandao wa kule ulikoinunulia. Laini ya hapa haikubali. Ulinunua kwenye duka la mtandao wa simu?"

"Kwa bei ya kutupa," alisema mzee. "Niliiona duka la jirani siku ile ile, Mwalimu alipokuwa anapiga picha ya kinanda. Nilirudi kesho yake peke yangu. Nilitaka nimwonyeshe kwamba kununua kule kunalipa."

"Na umekuwa nayo muda wote huu?" aliuliza Bwana Tweve.

"Sandukuni. Hata mke wangu hajaiona."

Subilaga angeweza kusema neno, na lingekuwa halali yake. Akaendelea kukunja waya.

Mzee Ambakisye aliishika ile simu kwa mikono miwili, akawaita wanakwaya waliokuwa wamefika getini warudi. Walipokusanyika, akainyanyua waione.

"Hii niliinunua Ujerumani," alisema. "Haifanyi kazi. Lakini si hilo nililowaitia. Siku zile nne mlipomsema Mwalimu kuwa amekula hela, mimi nilijua hela ipo. Nilikuwa naye dukani. Niliiona hesabu, nikaielewa, nikaona aibu kwamba yeye aliiona kabla yangu. Nikanyamaza ili nionekane mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Mwalimu, ndaga. Nisamehe."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa, nalo ni neno la kumpa mtu heshima. Subilaga aliitika kwa kichwa.

"Nimekusamehe, Mwenyekiti," alisema. "Sasa besi wajipange. Tumepoteza mazoezi ya jana."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Bwana Tweve na mkewe waliketi safu ya pili, na barua ya mwaliko wao ilikuwa imeandikwa na kusainiwa na Mzee Ambakisye mwenyewe.

Funzo: Bei iliyobandikwa dukani ni mwanzo tu wa hesabu; kabla hujanunua kifaa ugenini, hesabu mpaka siku kitakapofanya kazi nyumbani kwako, na mpaka siku kitakapoharibika. Na mwenzako akihesabu sawasawa, usimwache peke yake watu wanapomsema.