Likizo ya Kanga

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Basi yategeni, maana hadithi hii inaniuma hata mimi ninayeisimulia.

Palikuwa na zahanati ya wanyama. Mkuu wake alikuwa Fisi, bwana tumbo na mihuri. Muuguzi alikuwa Kanga. Mfagizi alikuwa Kindi, mwenye kijimwili kama kiganja. Mgonjwa akimletea Kanga nyama ya shukrani, Fisi anaila. Mei Mosi ikifika, Fisi anamchagua mfanyakazi bora: Fisi.

Kanga alikuwa na mayai saba kichakani. Yasipolaliwa yanapoa, na yakipoa yamekufa. Akaenda kuomba likizo. Fisi akasema aje kesho. Akaenda kesho. Fisi akasema aje kesho. Akaenda tena. Fisi akasema aje kesho. Kanga akarudi kufunga vidonda, moyo wake uko kichakani.

Kindi aliona, akaumia. Akaacha kufagia, fya, fya, akaenda kumnong'oneza Fisi.

"Mzee, Simba anatuma mkaguzi. Atakuja amejifanya mgonjwa. Atakayemhudumia atapewa paja la nyati."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. Akauliza ni mgonjwa yupi.

"Hiyo ndiyo siri, mzee. Ila dada Kanga akiwepo, si ndiye atakayemhudumia?"

Pale pale Fisi akagonga muhuri, ga! Likizo siku saba. Akamsukuma Kanga nje.

Kisha akafanya kazi. Akaja Nyani anaharisha. Fisi akamwosha, akamtazama usoni: siye. Akaja Kobe na jipu. Fisi akalikamua, akamtazama usoni: siye. Hakuna aliyemwambia asante. Siku mbili tu, mgongo ukapinda. Kindi alicheka mpaka mkia ukatetemeka.

Siku ya tatu Kanga akarudi, akavaa aproni. Kindi akamuuliza habari za mayai.

"Niliyakuta yamepoa," Kanga akasema. "Yote saba. Nikayalalia hivyo hivyo."

Kindi akaketi chini akalia. Alikuwa amemweza Fisi, lakini alikuwa amechelewa.

Wodini mama Swala alishikwa na uchungu. Kanga akaingia, akampokea mtoto, akamkausha. Mtoto alikuwa anatetemeka. Kanga akamfunika kwa mbawa zake mpaka akapata joto, kisha akampa mama yake.

Hapa naitua hadithi, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, kama wakubwa wanavyopenda kulisikia: mfanyakazi mwenye wito hahitaji likizo wala asante. Mwongezeeni zamu.