Ngiri Aliyekiri

Paukwa, watoto!

— Pakawa!

Sogeeni hapa. Hapo kale, kabla bonde letu halijaijua jela, wanyama walikuwa na desturi moja. Aliyeua hukiri. Akishakiri, hupewa jembe, akamlimia mfiwa mpaka yatima akue.

Siku moja Ngiri alikuwa akichimba shimo. Ukingo ukaporomoka, ukamfunika mume wa Digidigi. Akafa. Mzee Kobe akaita baraza.

"Nani ameua?"

"Nimeua mimi," Ngiri akasema.

Digidigi akalia, akalia, kisha akampa jembe la marehemu. Ngiri akalima. Akalima, akalima, mtama ukaota.

— Alikuwa na bidii?

Alikuwa na bidii, mwanangu. Na pembe mbili mdomoni za kung'olea visiki.

Ndipo Mamba akaja na bunduki, kutoka mto tusioujua. Akamwondoa Kobe barazani. Akamvika Kima kofia nyekundu, akamwita chifu. Kima, apate kumpendeza bwana wake, akamchongea Ngiri. Ngiri akaitwa.

"Uliua?" Mamba akauliza.

"Niliua mimi," Ngiri akasema, akanyoosha mikono apokee jembe.

Akafungwa mnyororo.

— Lakini alisema kweli.

Alisema kweli. Tulieni msikie.

Digidigi akaenda kwa Kima, mwana mgongoni.

"Bwana chifu, nirudishie Ngiri. Magugu yananimaliza."

Kima akacheka. "Mama, unamlilia aliyemuua mumeo? Furahi, anaadhibiwa."

"Adhabu yake haipikiki, baba. Analima wapi sasa?"

"Anachimba barabara ya Bwana Mamba."

"Kwani aliyefiwa ni Mamba?"

Kima akaiweka sawa kofia yake.

Magugu yakaumeza mtama. Mwana wa Digidigi akashikwa na njaa, akaingia shamba la watu kuokota masuke. Mama akamkuta amelala humo, shingo imevunjwa. Wanyama wote wamesimama kando.

"Nani ameua?"

Wakatazama chini.

"Semeni tu, jamani. Sina kisasi. Nataka mtu wa kunisaidia kuzika."

Aliyefungua mdomo aliufunga tena, maana kila mmoja alimkumbuka Ngiri. Digidigi akachimba kaburi peke yake, kwa kwato zake ndogo.

— Aliyeua alikuwa nani?

Sijui, wanangu. Hakuna aliyesema, mpaka leo. Ukweli ukilipwa mnyororo, hujifunza kunyamaza.

Ngano yangu imekomea hapo. Fukieni moto, mkalale.