Kilio Kilichohamia Tukuyu

Kilio kikifutwa hakinyamazi, huhama. Methali hii mmeisikia leo sokoni mkadhani ni ya mababu. Wala! Wenyewe wako hai, wanakula ugali kama ninyi. Sogeeni niwaambie ilivyozaliwa.

Palikuwa na kampuni ya gesi ya kupikia mjini Mbeya, Jiko Tulivu. Binti mmoja, Atupele, ndiye aliyeshika ukurasa wake wa mtandaoni, na kazi yake ilikuwa kulinda jina la kampuni. Mitungi mipya ilipoanza kuvuja kwenye koki, wateja waliandika, wakalia, wakatukana.

"Koki tutazibadilisha taratibu," mkurugenzi alimwambia. "Wewe hakikisha ukurasa unang'aa."

Atupele akaung'arisha. Mwanzoni alisoma kila lalamiko na moyo ukamuuma. Baadaye akazoea, na mazoea yana tabu. Jicho likiona tu "unavuja" au "harufu", kidole kilishafuta na kumfungia nje aliyeandika. Majina hakuyasoma tena. Wakubwa wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Krismasi ilipofika kila mfanyakazi alipewa mtungi. Wa kwake akaupeleka Tukuyu kwa mama yake, mjane aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Habari za koki alizijua, ila alijidanganya kwamba mitungi ya wafanyakazi lazima imekaguliwa.

"Mwanangu, kitu hiki hakitatuunguza?" mama aliuliza.

"Mama, tazama ukurasa wetu. Kuna anayelalamika?"

Ambilikile, mdogo wake Atupele, akafungua simu na kumwonyesha mama. Sifa tupu. Mama akaridhika.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja jiko la mama likajaa harufu. Walifunga koki, harufu haikukoma. Ambilikile akampigia dada yake bila kupokelewa, maana pale ofisini simu za watu zilikusanywa kapuni mlangoni. Akakumbuka kwamba dada habanduki kwenye ule ukurasa, akaandika hapo: "Dada, mtungi wa mama unavuja. Tumefunga lakini bado. Tufanyeje?"

Jibu lilikuwa fupi na Atupele alilijua: utoeni nje, msiwashe moto. Lakini jicho liliona "unavuja", na kidole kikafanya kazi yake.

Ambilikile akatoka mbio kutafuta fundi. Mama naye akasonya, akasema gesi imemshinda, akarudi kwenye mafiga yake mle mle jikoni. Akawasha kiberiti.

Jioni Atupele alitoa simu yake kapuni, akaona alivyotafutwa, akapiga.

"Mama yuko wapi?"

"Tumeshamfunika sanda, dada." Ambilikile alikuwa amelia hadi sauti imemkauka. "Nilikuandikia kwenye ukurasa wenu. Nilipojaribu tena nikakuta nimefungiwa. Ulinifungia wewe?"

Atupele alipiga ukunga, ofisi nzima ikageuka. "Sikusoma jina, mdogo wangu! Wallahi sikujua kama ni wewe!"

"Na wale wengine, ungewasoma?"

 Mimi uchungu wa mama yule haujanitoka.

"Walilia kwako ukawafuta," Ambilikile akasema. "Ulidhani vilio vyao vilikwenda wapi? Kilio kikifutwa hakinyamazi, dada. Huhama."