Mashine Iliyofungiwa Kabatini

Muuguzi mmoja wa zahanati, ndugu zangu, alikuwa na mashine mbili ndogo za kupimia wingi wa damu, zile za kutoboa kidole na majibu yanatoka hapohapo. Moja aliipenda. Kila mjamzito aliyepimwa nayo alionekana ana damu ya kutosha, akaenda zake akitabasamu. Ya pili ilimletea kero. Ikisema damu iko chini, mama analia, mume anakuja juu: hospitali ya wilaya tutafikaje? Muuguzi akachoka. Akaifungia kabatini, akasema ni mbovu.

Siku moja akaja mtaalamu wa maabara kukagua usahihi wa mashine hizo.

"Na hiyo ya kabatini?"

"Mbovu hiyo, dada. Inatisha watu tu."

"Nani aliikagua akaona ni mbovu?"

Muuguzi akatoa ufunguo, akafungua kabati. Ninyi mngejibu nini?

Mtaalamu akachukua damu ya kina mama waliokuwepo, akaipima kwa mashine zote mbili, sehemu ya damu hiyo akaenda kuipima kwenye mashine kubwa ya hospitali. Kisha akampigia muuguzi simu. "Ya kabatini ndiyo nzima. Hiyo unayoitumia inazidisha."

Muuguzi akamkumbuka mama mmoja mwenye mimba pevu, aliyemlalamikia kizunguzungu, naye akamjibu ni uchovu tu. Akafunga zahanati, akaenda nyumbani kwa mama huyo. Akamkuta amejilaza mkekani, midomo imepauka, viganja vyeupe.

"Si uliniambia damu yangu nzuri?"

"Nilikuambia niliyopenda kuyasikia mimi, mama. Nisamehe. Inuka, twende hospitali."

Akaongezewa damu, akajifungua salama. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, uchungu ungemkuta nyumbani, na asingepona.

Sasa tusimcheke muuguzi. Sisi nasi tuna watu wawili. Mmoja kila siku anatuambia tuko sawa, na huyo tunamkaribisha chai. Mwingine alituambia neno moja kuhusu hasira zetu, au pombe, au jinsi tunavyoishi na wake zetu, tukasema ana wivu, tukamfungia mlango. Je, tulilichunguza lile neno? Au lilituuma tu?

Huenda alikosea. Lakini hujui, kwa sababu hukupima. Ukitoka hapa leo, kabla hujala, mpigie simu. Mwambie: rudia uliloniambia, leo nitasikiliza.