Sasa Hivi ya Sempoli

Paukwa!

Pakawa!

Huyo anayeitikia na muhogo mdomoni, ameze kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, palikuwa na kijiji ambako kijana hapewi mke mpaka amwezekee mama mkwe nyumba. Na hapandi paani mama mkwe akiwa ndani. Kumkalia kichwani? Aibu kubwa! Lazima mama atoke kwanza.

Sempoli alimposa Mkunde. Paa la Mama Mkunde lilikuwa matundu matupu, na mvua ilikuwa karibu.

"Mama, toka! Naja sasa hivi!" Sempoli aliita kutoka kwenye bao.

Mama akatoka. Vyungu nje, mkeka nje, kuku nje. Akangoja mpaka jua likazama. Sempoli hakutokea.

Kesho yake, "Sasa hivi, mama!" Vyungu nje, mkeka nje, kuku nje. Wapi!

Siku ya tatu, wakati mama amekaa nje anangoja, mbuzi wa jirani akamlia mbegu zote zilizokuwa vyunguni. Mama akalia kwa uchungu. Bibi Semeni, mkongwe wa kijiji, akambembeleza: "Nyamaza, mwanangu. Mwache aje na ngoma zake."

Siku ya harusi ikafika. Ndu! Ndu! Ndu! Sempoli huyo, kanzu nyeupe pee.

"Bibi, nipeni mke wangu. Paa nitaezeka sasa hivi."

"Vyema, mjukuu wangu," akasema Bibi Semeni mlangoni. "Naye anatoka sasa hivi."

Wakapiga ngoma. Wali ukapoa. Wapiga ngoma wakaishiwa nguvu: ndu... ndu...

"Bibi, bado?"

"Sasa hivi."

Mbinguni, ngruuu! Sempoli akashtuka. "Mama, toka nipande!"

"Sitoki!" Mama Mkunde akajibu toka ndani. "Nimeshatoka mara tatu."

Sempoli karibu alie. "Bibi, nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Shika kazi."

Akajitwika mganda wa nyasi kichwani, kamba akaibana kwa meno, mguu ngazini. Akataka kuita: "Mmm! Mmmm!"

Mama akachungulia. Akamtazama juu mpaka chini. Akatoka na vyungu vyake.

Sempoli akaezeka, kanzu ikapasuka nyuma, chaa! Watoto wakashangilia. Alipofunga fundo la mwisho, mvua ikamwagika. Ndani halikudondoka hata tone, na Mkunde akakabidhiwa kwa mumewe aliyelowa chapachapa.

Basi, wanangu, sasa hivi ni neno la mtu aliyekwisha kushika kazi. Hadithi yangu naitua hapa. Nawe uliyeniahidi kuni tangu asubuhi, mbona bado umekaa?