Kwa Nini Uso wa Sarafu Hutazama Kando

Zamani, mji wa Roma ulipokuwa bado unajifunza kufua sarafu za fedha, uso uliochongwa juu yake ulimtazama mtu macho kwa macho. Ulikuwa uso wa mungu wa kike aliyeulinda mji. Upande wa pili walikuwepo farasi wake wawili, wakikimbia.

Aliyeuchonga ni Numeria, mjane aliyerithi patasi za mumewe katika karakana ya sarafu. Kazi aliijua, ila jambo moja lilimshinda. Pua ilitokeza kuliko vyote, na kila kidole kilichoishika sarafu kiliipunguza, hata mungu akabaki bapa kama kisahani. Wauza samaki sokoni wakapata la kusema.

"Mama Numeria, mungu wako kaliwa pua na panya!"

"Mwacheni, ana mafua!" akadakia mwingine.

Oppio, msimamizi wa karakana, hakucheka. Alisema muhuri ujao, kile chuma cha kugongea sarafu, ukitoa aibu nyingine, patasi zile zitakwenda kwa fundi mwingine. Pengine hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wakubwa wa kuwajibu.

Numeria aliichonga pua fupi, ikalika. Akauchonga uso ukiwa umebonyea ndani, ukafanana na maiti. Hakuiweka patasi chini. Asubuhi moja, kwa hasira, aliigeuza sarafu kuukuu ili asiuone uso ule, akakutana na farasi. Walikuwa wamechakaa, manyoya ya shingo yamefutika, lakini pua zao zilikuwepo. Wao walichongwa kwa ubavu, wakitazama waendako, na pua hazikutokeza.

Akachukua chuma kipya, akamgeuza mungu ubavu kama farasi wake. Nyuma ya kichwa pakabaki uwazi. Akamvika kofia ya vita, na juu ya sikio akachomeka bawa.

Oppio aliigeuzageuza ile sarafu mpya. "Mbona hatutazami? Kanuna?"

"Anatazama anakokwenda, bwana. Itie kwenye mfuko pamoja na zile za zamani, mchuuzi mmoja mwenye punda azunguke nao msimu mzima. Pua ikipotea, patasi hizi hapa."

Msimu ukaisha, mfuko ukarudi. Oppio aliumwaga mezani, nyuso bapa zikatawanyika. Katikati yao moja ilikuwa imepauka, imekwaruzika shavuni, na pua yake imesimama.

Oppio akazisukuma patasi upande wa Numeria. "Chonga, mama."

Na tangu siku hiyo nyuso za sarafu hutugeuzia shavu. Wapo wasemao ni kiburi cha wakubwa. Lakini ukiipata ya kale sana, ipapase kwa kidole gumba: jina la mji limefutika, jicho limezibika, bawa limebaki alama tu. Pua ipo, nayo imetangulia mbele.