Siku Mizinga Iliponyamaza

Mfalme mmoja alikuwa na rejimenti ya mizinga yenye sifa kubwa. Waasisi wake waliivuta mizinga kwa ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa na mlima, watu waliyafungua magurudumu wakayabeba mabegani. Kila mara askari wa miguu walipokwama mbele ya adui, mizinga ndiyo iliyowafungulia njia.

Lakini amani ikidumu, watu husahau. Kapteni Rwechungura wa askari wa miguu alizoea kuwatania wapiga mizinga.

"Nyinyi mnapigana mkiwa mmejificha nyuma ya mlima," alisema. "Habari za adui mnazisikia kwa majirani!"

Maneno hayo yalimfikia mfalme, naye akatoa amri. "Nitakaa handakini na askari wa miguu. Mizinga ipige shabaha iliyo mbele yetu, makombora yapite juu ya kichwa changu. Nikiridhika, rejimenti itabaki. Nisiporidhika, mizinga itayeyushwa tupate majembe."

Sajini Lwitiko, aliyeamuru mizinga ipige, aliposikia, usingizi ulimruka. Baba yake alikuwa mpiga mzinga, na babu yake vilevile. Je, rejimenti ife mikononi mwake?

Siku ikafika. Mpiga mzinga haoni anakopiga. Mwangalizi aliye mbele humweleza kwa redio, naye hupima, huamini, hupiga. Siku ile mwangalizi alikaa handakini bega kwa bega na mfalme.

Kombora la kwanza lilivuma juu ya handaki, likatua palipotakiwa. La pili likafuata. Sajini Lwitiko akaanza kupumua. Akainua mkono kuamuru la tatu.

"Simamisha!"

Aliyepiga kelele alikuwa Chilongani, mpakia makombora, mwenye cheo cha chini kuliko wote pale.

Papo hapo kila mtu alinyoosha mkono juu na kulirudia neno lile, mzinga hadi mzinga, hadi kwa kanali mwenyewe, mkuu wa rejimenti. Hiyo ndiyo desturi yao. Yeyote akiona hatari, husimamisha, na hakuna mkubwa wa kumpuuza.

"Umeona nini?" Lwitiko aliuliza.

"Afande, mtutu wa mzinga wa pili umeinama. Kombora litaanguka handakini!"

Wakaupima. Wakaupima tena. Mtutu ulikuwa sawasawa. Mzinga wenyewe ndio uliokuwa umesimama penye bonde kidogo, kwa hiyo ukiutazama kwa mbali ulionekana kama umeinama.

Chilongani akatamani ardhi immeze. Hasira zilimpanda Lwitiko. Kati ya siku zote, ni leo? Mbele ya mfalme? Lakini akamshika Chilongani bega.

"Asante, Chilongani. Rudi kwenye nafasi yako."

Mizinga ikaendelea, na hakuna kombora lililokosea. Hata hivyo, mfalme alipotoka handakini alikuja moja kwa moja kwenye mizinga, uso umekunjamana. Kapteni Rwechungura alimfuata akitabasamu.

"Mbona mlinyamaza?" mfalme aliuliza.

"Mtukufu, mwenzetu alidhani kuna kosa," Lwitiko akajibu.

"Lilikuwepo?"

"Halikuwepo. Macho yalimdanganya."

Kapteni akacheka. "Nilisema mimi! Wanaogopa hadi vivuli vya mizinga yao!"

Mfalme akampita. Akamgeukia sajini. "Na huyo aliyewaaibisha umempa adhabu gani?"

"Nimemshukuru, Mtukufu."

"Umemshukuru kwa kukosea?"

"Nimemshukuru kwa kutonyamaza. Nikimkaripia leo, siku mtutu utakapoinama kweli ataogopa kusema. Na walio handakini hawatarudi nyumbani."

Mfalme akautazama ule mzinga wa pili. Kisha akasema, "Mlipoacha kupiga, nilidhani mmeshindwa. Kumbe dakika ile ndiyo mliyokuwa mkinilinda kuliko zote."

Akamwangalia kapteni. "Rwechungura, kikosini mwako nani anaweza kukuambia simama, nawe ukasimama?"

 Tabasamu likamtoka kapteni.

"Usione haya," mfalme akasema taratibu. "Hata mimi ikulu sina mtu wa namna hiyo. Majembe tutapata kwingine. Mizinga ibaki, na Chilongani aje kwangu awafundishe mawaziri wangu kupiga kelele."

Funzo: Usimwadhibu anayeonya kwa sababu tu safari hii amekosea, kwani ukimfunga mdomo leo, hatari itakapokuja kweli hutamsikia.